Jasho la Winfred

Jumamosi saa nne asubuhi Winfred alikuwa akifua koti lake jeupe la maabara nyuma ya nyumba ya bibi yake, Port Reitz. Sabuni ilikuwa ile ya kipande inayochubua vidole. Alipozamisha mikono mara ya tatu, maji ya beseni yakageuka rangi ya waridi.

Akayamwaga, akachota mengine. Yalikaa safi mpaka alipotia sabuni na mikono, kisha waridi ikaanza kutoka kwenye vidole na kutambaa, kama chai inavyotoka kwenye majani yake.

Bibi yake, Kafedha, alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. "Koti lachuja?" aliuliza.

"Koti jeupe, Hawe, litachuja nini?" Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na Winfred hakuwahi kumwita kwa jina lingine tangu aanze kusema.

Kafedha akachukua nusu ya ndimu aliyoikata kwa ajili ya samaki, akaikamulia ndani ya beseni. Maji yakarudi meupe. Akayatazama kidogo.

"Basi si damu," akasema, akarudi kwenye nazi yake. "Anika upesi, mawingu hayo."

Winfred alijua si damu. Alikuwa akisoma habari za rangi ile tangu Januari, ila hakuwahi kuiona. Ilikuwa rangi ya indiketa, dawa inayotiwa tone moja tu kwenye chupa yenye maji ya magadi, yakawa ya waridi. Halafu asidi inadondoshwa humo kidogo kidogo kutoka kwenye mrija wa kioo, na tone lile linaloiondoa rangi ndilo jibu. Hivyo ndivyo kitabu kilivyosema. Chuoni kwao indiketa ilikwisha miaka mitatu nyuma, na kwenye daftari la stoo iliandikwa ipo.

Kwa hivyo kila Alhamisi wanafunzi sitini wa mwaka wa kwanza waliingia maabara, wakavaa makoti, wakasimama mbele ya mirija mikavu. Lenox, fundi wa maabara, aliandika tarakimu ubaoni akizitoa kwenye daftari kuukuu. Wanafunzi walizinakili, na chini yake kila mmoja akaandika: Niliona rangi ya waridi ikitoweka. Winfred alikwisha kuiandika sentensi hiyo mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ingekuwa ya mtihani, na mwaka huu angekuwapo mkaguzi kutoka nje. Mkaguzi alitakiwa kuiona rangi kwa macho yake ndipo atie sahihi. Asiyepata sahihi angepewa nafasi moja nyingine, na akikosa na hiyo, anatolewa kwenye sayansi.

Zilibaki siku kumi na sita.

Hofu ilikuwa imehamia mikononi mwake. Alikula vijiko vitatu akasukuma sahani. Alisoma ukurasa mpaka chini, akakuta wa juu umeshamtoka. Simu ya jirani ikilia, alidhani ni chuo kinamwita. Kila alipofikiria mirija ile viganja vilitota, na kila palipopita sabuni au magadi, jasho lake liliacha waridi: kwenye sufuria, kwenye komeo la mlango, kwenye kanga ya Kafedha. Siku moja alichagua maharagwe, bibi akayapika kwa magadi kidogo yaive upesi, wakala maharagwe ya waridi. Ladha ilikuwa ile ile.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba Kafedha, aliyeishia darasa la saba, alikwisha kuwaambia watu wa kanisa lake wote, hata Lenox, kwamba mjukuu wake atakuwa mpima damu hospitalini. Mchungaji alikwisha kuliombea jambo hilo mara mbili.

Jioni Kafedha alimfungisha vitabu kwa nguvu, akamtegea vitendawili ili mikono ikauke.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina mgeni. Nikimbembeleza hatoki, nikimfukuza hatoki, nikimsahau keshakwenda."

Ndege ilikuwa ikishuka uwanjani. Ilipokwisha kupita juu ya bati, Winfred akajibu. "Mtihani."

"Kila kitu kwako mtihani. Nipe mji."

"Chukua Kilifi."

"Kilifi niliichukua juzi, mke mwenzangu. Na Malindi, na Voi."

"Mariakani, basi."

"Haya, nimefika Mariakani, nimekaa, nimekula vya watu. Mgeni ni kwikwi." Kafedha akamshika viganja, akavigeuza. Vilikuwa bado vimetota. Akavifuta kwa pindo la kanga.

Jumatatu ya mtihani mkaguzi alifika mapema, mtu mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni. Daktari Absalom, mwalimu wa kemia, alimzungusha maabara akimwonyesha mirija, iliyooshwa siku hiyo kwa mara ya kwanza. "Na indiketa?" mkaguzi akauliza. "Ipo," akasema Daktari Absalom, akamwonyesha chupa iliyokuwa kabatini. Ilikuwa na kifuniko na karatasi ya jina. Ndani haikuwa na kitu.

Wanafunzi wakaambiwa waanze. Hakuna aliyeanza. Winfred akamimina magadi kwenye chupa yake, na tone la jasho likamtoka kidoleni likaingia. Maji yakawa ya waridi.

Lenox alikuwa nyuma yake. Akaitazama chupa, kisha akautazama mkono.

"Unayo ya watu wangapi?" akamuuliza chini chini.

"Sijui. Ni kwa kadiri ninavyoogopa."

"Na unaogopa?"

"Sana."

"Basi hiyo yako imwage, isije ikapauka ikingoja, utatia tena mwisho. Anza meza ya kwanza."

Winfred akaanza meza ya kwanza. Alipita chupa kwa chupa, akining'iniza kidole, akingoja tone lianguke. Mkaguzi alimtazama akipita akaandika kitu. Kila chupa iligeuka waridi, na mwenye chupa akafungua mrija wake. Winfred alisimama kila mahali kitambo kidogo kuona rangi ikienda. Aliona walioharakisha ikawapita. Aliona waliofunga bomba la mrija mapema mno.

"Dada Winfred," alimwita Luqman, kijana wa Kisauni aliyekaa meza ya nne, "ogopa kidogo hapa kwangu, hili halikutosha."

Akamwogopea kidogo. Likatosha.

Alipofika chupa ya arobaini alikuwa akijua tone litakaloondoa rangi kabla halijaanguka. Ya hamsini, alikuwa akimwambia mwenzake, "Sasa. Funga." Ile ya hamsini na tisa, Lenox alilazimika kumminya kidole kama mtu akamuaye ndimu iliyokwisha maji.

Akarudi mezani pake. Zilibaki dakika ishirini. Akamimina magadi, akaweka mkono juu ya chupa, akangoja. Mkono ulikuwa mkavu kama daftari. Luqman alitaka kumpa matone kutoka chupa yake, lakini alikwisha kuimwaga kwenye sinki, kama kanuni zilivyosema.

Winfred akajaribu kuogopa. Akaifikiria mirija, lakini mirija ilikuwa hapo mbele yake na alijua kila bomba linavyokwenda. Akafikiria kitabu, akakikumbuka chote.

Lenox akamwinamia. "Winfred, utafeli."

"Najua. Lakini naielewa."

"Watakutoa kwenye sayansi. Bibi yako atasema nini kanisani?"

Hapo kidole gumba kikapata umande kidogo. Umande ukajikusanya, ukawa tone, tone likaning'inia. Kengele ikalia. Daktari Absalom akawaambia wote warudi nyuma hatua moja, na Winfred akarudi. Tone likaanguka sakafuni, mahali ambapo mtu alikuwa amemwaga magadi, pakawa na doa la waridi kama kitumbua. Mkaguzi akaliruka ili asichafue viatu, akaja kuitazama chupa ya Winfred. Ilikuwa nyeupe tangu mwanzo hadi mwisho. Akaandika: Hakuonyesha matokeo.

Kwenye ripoti yake alisifu maabara. Alisema vifaa vinatosha na indiketa ni ya hali ya juu. Lenox alifungua daftari la stoo na pale palipoandikwa indiketa, ipo, akaongeza mbele yake mahali inapokaa: Port Reitz.

Barua ya Winfred ilikuja wiki ya tatu. Mtihani wa marudio ungekuwa Agosti. Mtahiniwa aje na indiketa yake mwenyewe, iliyo sawa na ile iliyotumika mara ya kwanza.

Kafedha aliisoma barua mara mbili, akiifuata kwa kidole, akaikunja. Kuanzia siku hiyo alimpa Winfred nguo zote za nyumbani afue, akawa anakaa karibu na beseni. Maji yalibaki meupe. Winfred alikula sahani nzima, akalala vizuri, akaeleza kemia yote kwa mdomo huku akikamua shuka. Mei ikapita, Juni ikapita, maji meupe.

Julai, Kafedha akaacha kutega vitendawili. Asubuhi moja alileta uji, akangoja Winfred aumalize, akavuta kigoda mpaka magoti yao yakagusana. Neno lenyewe hakulipenda kinywani, ilionekana. Akalisema taratibu, kama mtu anayempa mtoto dawa chungu.

"Utafeli, mke mwenzangu."

"Asante, Hawe."

"Watakutoa. Utarudi hapa nyumbani ukae nami, tutazamane."

Winfred akatia mikono kwenye beseni la sabuni lililokuwa kando yao. Wote wawili wakaangalia.

"Na mchungaji nitamjibu nini? Na mimi huu umri wangu, sijui nina Agosti ngapi."

"Hapo, Hawe," akasema Winfred. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Endelea hapo."

Ndege ikaja chini chini, ikipeleka kivuli chake juu ya bati na kamba ya nguo. Ikatua. Kisha Kafedha akamshika mjukuu wake bega, akaendelea kumtisha, na maji yakaanza kukolea.