Zamu ya Bukuru

Mama yake Esteri alimwonya kabla hajatoka Kasulu: nenda kaione Ujiji, lakini mtoto mwache. Angemwachaje, naye bado ananyonya? Akamfunga mgongoni, akaondoka na wenzake wa darasa la jioni, waliojipangia matembezi ya siku moja ziwani.

Si mawimbi Mama aliyoyaogopa. Esteri alizaliwa pacha. Kwa desturi ya kwao wakaitwa Bukuru, yule mkubwa, na Butoyi, ndiye yeye. Na alichopewa mmoja, mwenzake hakukosa. Familia ilipokimbia Burundi, mtumbwi ulipinduka hawajafika Ujiji. Ziwa likabaki na Bukuru. Hata hivyo Mama aliendelea kushona magauni mawili mawili, la pili akimpa mtoto wa jirani. Ila huyu Ininahazwe, mtoto wa Esteri, alikuja mmoja tu.

"Nusu ya Bukuru iko wapi?" Mama aliuliza alipompakata mara ya kwanza, wala hakuwa anatania.

Boti ilitoka Kigoma jua limeshakuwa kali. Mwalimu Habonimana alisimama kuwaonyesha mji: misafara ya pembe na watumwa ilianzia pale, na wengi waliopita pale hawakurudi makwao.

"Mwalimu, kaa chini," alisema Shadia, aliyekaa ubavuni mwa Esteri, "tusije na sisi tukawa historia."

Boti nzima ikaangua kicheko. Nahodha Hilali akazima injini wapige picha.

Kukawa kimya. Ininahazwe akageukia maji, akacheka, akanyoosha mikono kama mtoto aliyemwona mtu wa nyumbani.

"Butoyi."

Esteri alishtuka. Humo ndani hakuna aliyelijua jina hilo.

"Shadia, umeniita?"

"Nikuite nini na tumebanana hivi? Wewe umekunywa chai kweli?"

Sauti ikaja tena kutoka majini, ya mtoto mdogo. Haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu aliyengoja zamu yake mpaka akachoka. Hilali akavuta kamba ya injini, ikakataa. Akavuta tena, ikakataa. Mtoto alijivuta kuelekea majini hata mbeleko ikalegea.

Esteri angeweza kumkumbatia na kufumba macho. Lakini angemwogesha vipi kesho, akiogopa hata beseni? Esteri akafungua mbeleko.

"We! Unafanya nini?" Shadia aliuliza.

"Mama yake mkubwa yuko hapa. Hajawahi kumpakata."

Shadia alitaka kucheka, akamwona usoni, akaishia kumshika gauni kwa mikono miwili.

Esteri akamshusha mtoto, kamshika kwapani, mpaka maji yakamfika kiunoni.

"Bukuru, zamu yako. Mpakate, kisha unirudishie. Bado ananyonya."

Uzito ukaondoka. Mtoto alikuwa mikononi mwake, anamwona, lakini hakuwa na uzito hata wa unyoya. Vidole vilitamani kuvuta. Hakuvuta. Akangoja, machozi yakimdondokea majini, mpaka uzito ukarudi polepole, kama mtu anayekukabidhi mtoto aliyelala.

Hilali akavuta kamba. Injini ikawaka.

Walipotia mguu Ujiji, kabla ya kutazama chochote, Esteri alimpigia Mama.

"Mama, Bukuru amempakata mtoto."

Nyuma ya Mama walisikika kuku wa uani.

"Alimpakata vizuri?"

"Vizuri, Mama. Hata hakulia."

"Haya," Mama akasema, akivuta kamasi. "Mbadilishe nguo basi, asije akapata mafua."