Siku Godelieve Alipohamisha Mtoto Klabu

Ubaya wote ulianza siku kocha Henri alipomtoa Dieumerci mbele na kumpeleka nyuma, beki wa kulia, ili jezi namba tisa avae mtoto mgeni. Godelieve, mama yake Dieumerci, alikuwa amesimama kando ya kiwanja na beseni lake la ndagala, dagaa aliowauza, kichwani. Alikuwa ametoka soko la mji wa Baraka moja kwa moja bila kupita nyumbani, maana mazoezi ya mwanawe hakuyakosa hata mvua inyeshe. Aliiona ile jezi ikivuliwa mmoja na kuvalishwa mwingine.  Alitua beseni chini, akakunja mikono, akaanza kumtazama yule mgeni kama mtu aliyemkuta mwizi jikoni kwake.

Mtoto huyo aliitwa Shimwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, umri mmoja na Dieumerci, na wazazi wake walishuka kutoka Bibokoboko, milimani, wakati vijiji vya kule juu vilipochomwa moto na ng'ombe kutawanywa. Godelieve hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kaka yake, Eugène, aliuawa katika vita hivyo hivyo, kwenye shamba lake la mihogo chini ya ile milima, na mwili wake haukuletwa nyumbani. Nani aliyefyatua risasi, hakuna aliyejua. Godelieve yeye alijua, au tuseme aliamua kujua: ni bale ba kule yulu, wale wa kule juu. Na kwake "bale" walikuwa wote, mkubwa kwa mdogo, hata yule ambaye hajazaliwa.

Mazoezi yalipokwisha alimfuata Henri hadi pale alipokuwa akikusanya mipira. Henri alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyependa kelele, na klabu yake, Étoile du Lac, ilisifika eneo zima la Fizi kwa kulea watoto. Wazazi walikuwa wakigombania nafasi pale, na baadhi ya vijana wake walikwisha kuchukuliwa na timu kubwa za Uvira na Bukavu. Alimweleza Godelieve kwa upole kwamba Dieumerci ana nguvu na anausoma mchezo mapema kuliko wenzake, na kwamba mtoto wa namna hiyo ni hazina nyuma. Shimwa ana mbio na mguu wa kushoto, kwa hiyo mahali pake ni mbele. Godelieve alimwacha amalize, kisha akamuuliza tangu lini watu wa kule juu wanakuja kuwanyang'anya watoto wa Baraka nafasi zao katika mji wao.

"Mama Dieumerci," Henri akasema, "hapa mi ninapangaka miguu. Sipangake makabila."

"Basi panga ile miguu bila mutoto wangu."

Akabeba beseni lake, akamshika Dieumerci mkono mbele ya wenzake kama mtoto wa chekechea, wakaondoka.

Kesho yake sokoni alimsimulia Rosette, aliyeuza mawese meza ya jirani. Mtoto wa Rosette alichezea Jeunesse Mutambala, klabu ya upande wa pili wa mji, mahasimu wa Étoile tangu zamani. Rosette hakungoja hadithi iishe. Jioni hiyo hiyo alimpeleka Godelieve kwa kocha wao, Norbert, mtu mwenye miwani myeusi na maneno matamu, aliyemletea kiti na kumwita mama wa ushindi hata kabla ya kumwona mtoto akigusa mpira. Alimwahidi kwamba Dieumerci atakuwa namba tisa na capita, nahodha wa timu, juu yake. "Na huku kwetu," akaongeza, "hatujichanganyake na kila muntu."

Godelieve akacheka, mara ya kwanza tangu jezi ile ivuliwe. Mzazi mwingine angeuliza kwa nini watoto wengi walikuwa wameihama klabu ile. Angetaka kuwaona kwanza wakifanya mazoezi, asikie kocha anasema nao vipi, anawafanya nini wanaokosea. Godelieve hakuuliza hata moja. Alikuwa amekwisha kupata alichokifuata.

Asiyetaka alikuwa Dieumerci. Ndipo mama alipogundua jambo lililozidi kumchoma: mwanawe na yule Shimwa walikuwa marafiki. Walirudi pamoja kutoka mazoezi, wakakaa kwenye ukuta wa kanisa wakicheka, na Shimwa alikuwa akimfundisha kugeuka na mpira kwa mguu wa kushoto. Dieumerci alimwambia hayo akiwa anakula, bila hofu, akidhani mama akijua vizuri atalegea.

"Shimwa haiko mubaya, mama."

"Usinitajie ile jina humu ndani. Bale njo baliua mujomba wako."

"Yeye alikuwa mutoto."

"Mutoto wa nyoka anakuwaka nini?"

Wiki hiyo hiyo Dieumerci akahamishiwa kwa Norbert. Kuanzia hapo, kila alipoketi kula bugali, mama alimpa na maneno hayo. Alimwonyesha picha ya Eugène. Alimwambia wale wamekuja kuchukua mashamba, sasa wanachukua mpira, kesho watachukua nyumba. Mwanzoni mtoto aliinamisha kichwa. Baadaye akawa anasikiliza. Mwishowe akaanza kuuliza maswali, na Godelieve akafurahi, akaona kijana wake anakomaa.

Ikafika wiki ya mechi kati ya klabu hizo mbili. Mazoezi ya mwisho, Norbert alimwita Dieumerci pembeni, na Godelieve akiwa pale pale alisikia kila neno. Kocha alitaka kujua Shimwa anaumwa wapi. Kila mchezaji ana mahali panapomuuma, alisema, na rafiki ndiye anayepajua. Dieumerci alitazama viatu vyake. Kisha akasema ni goti la kushoto. Shimwa aliteguka siku walipokuwa wakikimbia kutoka Bibokoboko, akashuka mlima wote akiburuta mguu, na mpaka leo hulifunga kitambaa ndani ya soksi ndefu ili kocha Henri asione.

Norbert akamgonga bega. "Basi kazi yako unaijua."

Godelieve aliyaelewa maneno hayo. Hakuna haja ya kumtetea: aliyaelewa. Alijiambia ni lugha ya mpira tu, makocha wote husema hivyo, na wanaume hupenda kutisha. Akamnyoosha mwanawe kola ya jezi mpya, wakaenda nyumbani.

Siku ya mechi kiwanja kilijaa hadi juu ya kuta. Watu wa Shimwa walikuwa wachache, wamesimama kona yao wenyewe, na mbele yao mama yake, Kabagwira, mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge begani, asiyetazama kulia wala kushoto. Kila Shimwa alipogusa mpira matusi yaliporomoka. Rosette alikuwa akipiga kelele kwamba warudi kwao, na kundi zima likimwitikia. Godelieve naye aliitikia. Sauti yake ilikuwa imekwisha kukauka pale Shimwa alipowapita mabeki wawili na kufunga goli kwa ule mguu wa kushoto. Katika kiwanja kizima ilisikika kona moja tu ikishangilia.

Haukupita muda. Mpira ulikuwa katikati, haukuwa na hatari yoyote kwa mtu. Shimwa aliusimamisha, akawa anainua uso kumtafuta mwenzake. Dieumerci alikuja kutoka upande ambao Shimwa hakuuona, akarusha miguu yote miwili, na viatu vyake havikuelekea kwenye mpira hata kidogo. Godelieve aliusikia ule mlio kutoka pale aliposimama. Alisema baadaye ulikuwa kama mtu anayevunja muhogo mkavu juu ya paja.

Upande wao ukalipuka kwa furaha. Rosette akamkumbatia, wanawake wakamshika mabega, wakamwita kwa jina la mwanawe, mama Dieumerci, mama Dieumerci, kama mwanamke aliyeolewa siku hiyo. Mwamuzi alikuwa akikimbia na kadi nyekundu mkononi. Dieumerci hakumtazama mwamuzi, wala hakumtazama Shimwa aliyekuwa akigaagaa mavumbini. Alikuwa amesimama wima, anamtafuta mama yake kwa macho kati ya ule umati, na alipompata akatulia, kama mtoto aliyetumwa dukani akarudi na kile kile alichoagizwa.

 Godelieve alijaribu kuitoa mikono ya Rosette shingoni mwake, isitoke.

Henri na vijana wake walimwinua Shimwa kumpeleka kwa motari, dereva wa pikipiki aliyekuwa akingoja njiani. Ilibidi wapite pale pale mbele ya mashabiki wa Norbert, na wengine waliendelea kuzomea. Kabagwira alikuwa akitembea nyuma ya mwanawe. Alipomfikia Godelieve alisimama. Alijua ni nani. Jina lilikuwa limepigiwa kelele za kutosha.

"Mutoto wako hakuzaliwa na hii," akasema. "Mulimufundisha."

Akaenda zake.

Nyumbani Godelieve alimuuliza mwanawe kwa nini. Dieumerci alikuwa akila kwa hamu, amechoka, mavumbi bado yapo kwenye nywele. Alimtazama mama kwa mshangao wa kweli.

"Si we njo ulisemaka, mama?"

Hakukuwa na ukorofi katika sauti yake, na hilo ndilo lililomtisha Godelieve kuliko yote. Alitoka akaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka chakula chake kikapoa.

Asubuhi alimwambia Norbert kwamba anamtoa mtoto. Norbert alidhani anatania. Alipoona hatanii, yale maneno matamu yakaisha siku hiyo hiyo. Alimwita mwanamke asiyejua anachotaka, akasema mbele ya wazazi wengine kwamba labda wale ba kule yulu wamemnunua. Sokoni Rosette alihamisha meza yake ya mawese. Wateja waliokuwa wakipitia kwa mmoja na kuishia kwa mwingine sasa walilazimika kuchagua, na wengi walimchagua Rosette.

Alikwenda kwa Henri kuomba Dieumerci apokewe tena. Henri hakumkaribisha kukaa. Daktari alikuwa amesema Shimwa hatakanyaga kiwanja msimu huo wote, na labda mbio zile hazitarudi kamwe. Kocha alimwambia Godelieve kwamba suala la Dieumerci si lake yeye kuliamua, aende kwa wazazi wa mtoto aliyeumizwa. Basi ikawa hivyo. Alimvalisha Dieumerci shati safi, wakapita njia ambayo Godelieve hakuwahi kuikanyaga tangu wale watu wafike mjini.

Semutobo, baba yake Shimwa, alikuwa ameketi mlangoni na fimbo ya kuchungia, japo hakubaki na ng'ombe wa kuchunga. Godelieve akamsalimia. Mzee akageuza uso upande wa ukuta. Kabagwira akatoka ndani, akawatazama wote wawili, akamnyooshea mtoto kidole.

"Yeye aingie. We ubakie pale njiani."

Dieumerci akaingia. Godelieve akabaki njiani, juani, na hakuna aliyemletea kiti. Watoto wadogo walikuja kumkodolea macho, wakaitwa kwa ukali warudi. Mwanamke mmoja alitoka na maji ya vyombo, akayamwaga karibu na miguu yake, akarudi ndani bila haraka. Godelieve hakusogea. Moyoni hakuwa amewasamehe wale watu. Alimkumbuka Eugène akiwa amelala mahali asipopajua, na hasira ile ile ya siku zote ikamjia. Lakini mwanawe alikuwa humo ndani, kwa hiyo alisimama, akajifuta jasho, akangoja.

Dieumerci alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Alitangulia mbele na mama akamfuata. Walipofika barabara kubwa mama akamuuliza wamesema nini.

"Shimwa ameniuliza kama namba tisa kule kwa Norbert iko nzuri."

"Na we ulijibu nini?"

"Nililia tu."

Msimu ule Dieumerci hakucheza klabu yoyote, na hakuna aliyemkataza. Ni yeye aliyekataa. Kila baada ya masomo alikwenda kule kwa kina Shimwa peke yake, na Godelieve hakumzuia wala hakumuuliza tena. Mwaka uliofuata Henri aliwapokea wote wawili. Shimwa alikuwa akichechemea kidogo kila mbio zilipozidi, na wengine walianza kumpita kwa urahisi. Hakulalamika, wala Dieumerci hakupata tena ule uchangamfu wa zamani anapouchukua mpira.

Mama zao huja mazoezini mpaka leo. Siku moja Godelieve alizunguka kiwanja chote hadi pale Kabagwira aliposimama, akamwamkia kwa jina, mama Shimwa. Kabagwira alikuwa akiwatazama watoto. Hakuitika, na Godelieve hakurudia.