Mfumo Uliobaki Peke Yake

Chumba cha kompyuta cha mwalimu Rahab kilikuwa juu ya agrovet moja, duka la dawa za mifugo na mbegu, pale Kitengela. Ukiwasha mashine, ilikuuliza kwanza: unataka mfumo gani wa kuiendesha? Mifumo ilikuwa miwili, yote programu huria zinazotunzwa na watu wa kujitolea, yote bure. Vijana walipenda ule wa Gichuru na wenzake, uliometameta. Mama Nzisa, ambaye macho yalikuwa yakimwishia, alitumia ule uliotunzwa na Mwanzia wa Isinya, kwa sababu ulimsomea kila neno kwa sauti. Alikuwa akiandika historia ya ukoo wao.

Gichuru alikuja siku ya upepo, vumbi likigonga vioo.

"Mwalimu, mifumo miwili ya nini? Inachanganya watu. Acha sisi tukutunzie mashine zote."

Alisema kwa upole sana. Rahab alikuwa amechoka kutengeneza kila kitu mara mbili. Akakubali.

Wiki iliyofuata mashine hazikuuliza tena. Mama Nzisa alivaa earphone zake, akasubiri.

"Mwalimu, hii imekufa?"

"Haijakufa, mama. Ngoja kidogo."

Mfumo wake ulikuwa umefutwa. Rahab alipojaribu kuurudisha, mashine ikaikataa pasiwadi yake mwenyewe. Akampigia Gichuru.

"Atazoea," Gichuru akasema. "Kituo cha Matasia wamezoea. Cha Illasit wamezoea."

"Haoni! Atazoea nini?"

"Sauti tutaiweka. Si sasa."

Akakata simu. Rahab akatafuta namba nyingine. Akamwita Mwanzia.

Mwanzia alifika na flash yenye ule mfumo mkononi, uso umemshuka. "Tulikuwa watu wengi tukiutunza mfumo huu," alimwambia Rahab. "Kila kituo kikihamia kwa Gichuru, mmoja wetu anaacha. Saa hii niko peke yangu, na hata mimi sijui nitaendelea mpaka lini."

Alifuta mashine moja, akauweka ule mfumo upya. Sauti ikarudi. Mama Nzisa akacheka, akapiga makofi. Halafu kicheko kikakatika.

"Inasema toleo hili halitapata marekebisho tena. Ni kusema nini, mwalimu?"

Rahab alimtazama Mwanzia. Mwanzia alikuwa akiifunga flash yake kifuniko.

Nyuma yao, mashine zingine zote zikajizima, kisha zikajiwasha kwa pamoja, bila mtu kuzigusa. Rahab akainama upesi chini ya meza, akachomoa waya wa intaneti wa mashine ya Mama Nzisa, Gichuru asiifikie.

"Andika, mama," akasema. "Andika tu."