Mkalimani wa Nyakoe

Jumapili ile kibanda cha video cha Obwocha pale Nyakoe kilifurika. Filamu ilikuwa ya Ayalandi, ya wezi na vichekesho, na mtafsiri wa kila siku, anayezieleza filamu kwa maiki, alikuwa ameamka bila sauti. Hazikupita dakika kumi watu wakaanza kunung'unika. Kiingereza kile hakikufanana na cha shuleni, na wahusika walikuwa wengi kama siafu.

Nyanchera alikaa nyuma. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mkalimani wa korti huko Nyamira, hadi alipostaafu. Aliinuka, akamwendea Obwocha.

"Nipe hiyo maiki."

"Mama, hata mimi siwaelewi hawa."

"Wezi nimewasikiliza tangu hujaoa. Nipe."

Mwanzoni aliyumba. Kisha sikio likazoea, na maneno yakaanza kutiririka.

"Sikilizeni. Huyu polisi anataka kumwoa dada ya mwizi. Na dereva aliyeibiwa gari la mikate ni kakake polisi. Mwizi amewaibia mashemeji zake wa kesho, na bado hajui."

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Hapo akashika kazi yake ya zamani. Hakusema "anasema", alisema "mimi", kama kortini. Mwizi akiapa, aliapa naye. Polisi akidanganya, alidanganya kwa uso ule ule mkavu. Mvua ilipopiga mabati, alipaza sauti, wala hakuna aliyetoka.

Filamu ilipokwisha, mzee mmoja alimsubiri mlangoni. Nyanchera alimtambua: Masese, ambaye alimkalimania kortini siku alipofungwa kwa wizi wa ng'ombe.

"Mama, unanikumbuka?"

"Nakukumbuka."

"Nilimwambia hakimu niliiba kwa njaa na kwa ujinga. Jamaa zangu walitaka uliruke hilo neno 'ujinga'. Hukuliruka. Nilikukasirikia, lakini kule ndani niliona jambo moja: nilifungwa kwa maneno yangu mwenyewe, hakuna aliyeyachezea." Akampa mkono. "Leo nimecheka sana. Nilikuwa najiona."

Nyanchera aliushika ule mkono kwa mikono miwili.

Obwocha akaja mbio. "Mama, Jumapili ijayo utakuja?"

"Niletee filamu Alhamisi niisikilize kwanza," alisema Nyanchera, akijifunga leso. "Mkalimani hakurupuki."

Akapanda kilima kwenda kwake, shingo imenyooka.