Nyumba Isiyotoa Moshi

Mama mwenzangu, akija mtu na kamera akakuomba usimame mbele ya jiko lako utabasamu, muulize kwanza hiyo picha inakwenda kukaa wapi. Ernesta wa kijiji cha Mamba hakuuliza. Alijifunga kitenge kipya, akatabasamu, na picha ikaenda kukaa kwenye jalada la taarifa ya mazingira ya kampuni ya kukausha tangawizi, ile wanayowapelekea wadau wao kila mwaka. Chini yake wakaandika kwamba nyumba hii haitoi moshi tena.

Ni kweli kampuni ilimpa jiko la kisasa. Lilitaka vidonge vya maganda yaliyoshindiliwa, ambavyo vililetwa siku ya picha tu, basi. Kuku akaliona linamfaa, akataga humo. Ernesta akarudi kwenye mafiga yake, wala hakuna aliyemsumbua mpaka Julai, binti yake Careen alipojifungua.

Julai ya milimani ukungu unaingia ndani bila hodi. Mtoto alizaliwa mdogo, na muuguzi wa zahanati alisisitiza jambo moja, asipigwe na baridi. Ernesta akawasha moto, akaulinda kutwa.

Ndipo Dickson, kijana wa kampuni anayeandika hizo taarifa, akapanda na bodaboda. Akatoa shikamoo, akaitikiwa, akautazama moshi juu ya paa kama mtu aliyemwona mwizi. Alisema wadau wanakuja Alhamisi kuiona nyumba ya kwenye jalada, na moshi ule haumo kwenye taarifa.

Ernesta akamwonyesha mtoto. Dickson akampongeza, kisha akaeleza kwa upole kwamba mtoto naye hayumo.

Walibishana hadi wakapata njia. Nyumba ya jirani, Anaeli, iko ng'ambo ya masale yaliyopandwa mpakani, na ng'ambo hiyo haihesabiwi kwenye taarifa. Kule moshi ruksa. Basi mafiga yakahamishwa, kuni zikahamishwa, Careen na mwanawe nao wakahamishwa na blanketi lao. Anaeli akauliza kama kampuni ina mahali pa kumhamishia na mume wake, maana naye anatoa moshi wa tumbaku tangu asubuhi.

Alhamisi upepo ukageuka. Dickson akasimama kwenye masale na jani la mgomba, akiupepea moshi urudi kwa Anaeli, mpaka shati likamganda mgongoni. Wadau walipofika, watatu, na viatu vya kupandia mlima, alilitupa jani akaanza kuwaeleza habari za hewa safi. Waliingia jikoni wakasifu sakafu iliyofagiliwa. Wakamwona kuku ndani ya jiko, na mama mmoja kati yao akaandika kwamba jiko hili linasaidia pia ufugaji.

Hapo mtoto akalia huko ng'ambo, kilio chembamba.

"Huyo ni mtoto wa nani?" akauliza yule mama.

Dickson akawahi. "Yuko nje ya mpaka wa taarifa." Kisha akamgeukia Ernesta, akingoja aitikie.

Lilikuwa neno moja tu, ndiyo. Ernesta akageukia ng'ambo kilikotoka kilio. Leo akimkana, usiku mtoto atalala wapi? Na baridi ile haikuwa imesoma taarifa yoyote.

"Ni mjukuu wangu," alisema. "Anarudi hapa sasa hivi, yeye na moto wake."

Akavuka masale, akarudi na mtoto kifuani na kijinga cha moto mkononi, Careen nyuma yake na kuni. Wakauwasha palepale. Wageni wakakohoa, wakaandika, wakakohoa tena.

Jumatatu Dickson akaja na jembe. Hakugombana na mtu. Aliyang'oa masale yote, akayapanda upya upande wa pili wa nyumba ya Ernesta, ili nayo iwe nje ya hesabu. Mwaka huu, alisema, taarifa itaonyesha moshi umepungua kwa nyumba nzima.

Ernesta akauliza kama shamba bado ni lake.

"Shamba lipo, mama. Wewe ndiye hupo."

Ernesta akamtazama. Vidole vya kijana vilikuwa vimekufa ganzi, vimejaa udongo wenye umande.

"Nawa mikono, baba, umshike huyu," alisema, "nichochee uji."

Dickson akanawa, akampokea mtoto, akatazama huku na huku kama kuna anayemwona. Kisha akasogeza kigoda motoni.