Bonde la Mvua Mlangoni kwa Wifi

Kalaiselvi alikuwa na kitu kimoja cha kuringia katika kichochoro chao kule Chennai: kolam yake. Kila alfajiri alifagia mlangoni, akanyunyiza maji, akachora maua kwa unga wa mchele, na wanawake waliokwenda kununua maziwa walisimama kumsifu. Kwa ajili ya kolam hiyo alisakafia uwanja wote wa mbele kwa saruji. Watu wa mtaa walipokuja kuchimba mabonde madogo ya kunywesha ardhi maji ya mvua ili kichochoro kisifurike, aliwatimua.

"Mnichimbie shimo mlangoni? Nitachora wapi, juu ya matope?"

Wifi yake Poongodi, dada wa mumewe, anayekaa nyumba inayofuata upande wa mteremko, alikubali. Akachimbiwa bonde refu, likatiwa kokoto na mchanga, likapandwa nyasi za mizizi mirefu na maua mekundu. Ukingo wa njia ukatobolewa ili maji ya kichochoro yaingie humo. Mvua za Oktoba zikaja, na kichochoro hakikufurika.

Raha ya Kalaiselvi ikaishia hapo. Wanawake walipita kwake wakisema "nzuri, nzuri" bila kupunguza mwendo, wakaenda kujazana kwa Poongodi kutazama vipepeo. Vipepeo! Hata mama mkwe, akinywa kahawa ya Kalaiselvi mwenyewe, alisema, "Binti yangu kauokoa mtaa mzima." Wivu ukamwingia Kalaiselvi, akaimwaga kahawa yake.

Asubuhi moja mawingu yalipotanda, alichukua magunia matupu, akayashindilia kwenye tundu la ukingo. Alitaka bonde lishindwe mara moja tu, mbele za watu. Maji yatakwenda wapi, hilo hakujiuliza. Mwenye wivu ana muda gani wa maswali hayo?

Mvua ilipopiga, maji yalirudi kwake. Ile saruji yake laini iliyapokea kama wageni, ikayapitisha hadi jikoni, yakalowesha mchele na kubeba ndala za watoto. Alipotoka mbio akipiga mayowe, majirani walikuwa wamejaa njiani, na Poongodi ameinama majini, anachomoa magunia.

"Nani kafanya ushenzi huu?" mama mkwe akafoka.

Poongodi alimtazama Kalaiselvi. Akamtazama sana, mpaka Kalaiselvi akajua kwamba amejulikana.

"Hakuna mtu, Amma. Uchafu tu, umesombwa na maji kutoka huko juu." Kisha akamgeukia. "Wifi, lete watoto kwangu. Nimepika rasam."

"Huyu ana moyo, jamani!" jirani mmoja akasema, na wote wakaitikia.

Kalaiselvi alisimama pale, maji yakimfika vifundoni, akitamani atukanwe. Matusi angeyajibu, tena vizuri. Badala yake aliwashika watoto mikono, akaenda, akakaa, akala, akasema asante.

Na rasam yenyewe, supu ile ya ukwaju, pamoja na uchungu wote wa kuimeza, ilikuwa tamu kuliko anayopika yeye.