Mpaka Kwenye Kihenge Kile

Kila Jumamosi asubuhi, kwenye maegesho ya maduka ya Burnsville, Watanzania wachache na Wakenya wawili waishio ughaibuni walijipaka mafuta ya mgando usoni, wakavaa soksi mbili mbili, wakazifunika kwa mifuko ya plastiki, kisha wakapanda baiskeli kuelekea mashambani. Mwenyekiti wao, Elihuruma, mhasibu wa kampuni moja ya Eden Prairie, alikuwa amewaambia kwamba baridi ni ya mtu anayeifikiria. Yeye mwenyewe aliendesha nafasi ya tatu, ambako upepo haufiki.

Mbele alikaa Humphrey. Kwa waendesha baiskeli utaratibu ni kupokezana: anayetangulia hukata upepo, walio nyuma yake hupumzika, kisha wanabadilishana. Lakini Humphrey alikuwa mtu asiyejua kukataa, na mtu wa namna hiyo husahaulika hukohuko mbele. Mwezi wa Novemba, karibu na Farmington, aligeuka akasema kifua kinambana, mwingine ashike zamu.

"Mpaka kwenye kihenge kile," Elihuruma akamjibu, akionyesha ghala refu la chuma la mahindi kando ya barabara.

Humphrey alikifikia kihenge, maana alikuwa muungwana, ndipo akafa.

Mwili ulisafirishwa ukazikwa kwao Machame. Jumamosi iliyofuata mazishi, Humphrey alikuwepo maegeshoni na baiskeli yake, koti limefungwa mpaka kidevuni. Hakueleza alisafiri vipi, na hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa wote walizijua taabu za viza. Kendi, ambaye ni muuguzi, alimshika kifundo cha mkono akitafuta mapigo. Hakuyapata, akamshauri avae glavu hata hivyo. Humphrey akashika nafasi yake ya mbele na wenzake wakajipanga nyuma.

Ilikuwa neema tupu. Marehemu hakuchoka, hakuhema, wala ndevu zake hazikushika barafu. Ilipofika Januari vikundi vya Wazungu vilikuwa vimeshatundika baiskeli gereji, lakini hawa wa kwetu walikwenda Northfield na kurudi wakipiga soga.

Aliyeumia ni Avelina, mjane wake, kule Eagan. Tanga lilikuwa halijaanuliwa. Magodoro ya waombolezaji yalikuwa bado yametandikwa sebuleni, makochi yamesukumwa ukutani, na kila Jumamosi alfajiri alimsikia mumewe akitoa baiskeli gereji na kuondoka bila kuingia ndani. Alijua, kama tunavyojua sote, kwamba marehemu hapumziki mpaka tanga lianuliwe. Na kuanua tanga si kazi ya mjane, ni ya ukoo. Ugenini ukoo ni kamati, na mwenyekiti wa kamati ya msiba alikuwa Elihuruma yuleyule.

Arobaini ilipotimia, Elihuruma alisema mchungaji ana mafua. Februari alisema ukumbi wa kanisa unapakwa rangi. Avelina akamfuata Kiprop, Mkenya asiyeweza kuficha kitu, akamuuliza kulikoni. Kiprop aliviangalia viatu vyake kwanza.

"Pole sana, Mama Neema. Wamesema tungoje hii winter iishe. Si unajua huko nje wind ni mbaya, na yeye hasikii baridi."

Avelina alirudi nyumbani akakaa juu ya godoro akalia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu alimpenda Humphrey na alikuwa amechoka kumwona akitumikishwa. Alipomaliza alikwenda gereji, akaijaza upepo baiskeli yake yenye kikapu.

Jumamosi alifika maegeshoni amejifunga kanga juu ya koti. Aliwasalimu wote mmoja mmoja, Elihuruma naye, kisha akaisogeza baiskeli yake mpaka mbele ya mumewe.

"Baba Neema, kaa nyuma yangu. Leo unapumzika."

Humphrey aliikagua baiskeli. "Mnyororo umekauka, mke wangu," alisema, akautia mafuta, akakaa nyuma.

Wakaondoka. Upepo ulikuja kutoka magharibi ukipita juu ya mashamba matupu, na Avelina akaupokea wote. Walipovuka Farmington, Humphrey aliinamisha kichwa juu ya usukani akasinzia, miguu ikiendelea kukanyaga pedali. Wenzake waligundua kwamba nyuma ya watu wawili kuna joto kuliko nyuma ya mmoja, wakajibana. Elihuruma aliwasifu sana akina mama wa Kitanzania.

Mapaja ya Avelina yalianza kuwaka moto, na pumzi ikawa fupi. Aligeuza shingo akauliza, kwa sauti ya chini, nani atampokea.

Wanaume wakaangalia theluji. Kendi alikumbuka kukaza kofia yake. Elihuruma alinyoosha kidole kilichovimba kwa glavu.

"Mpaka kwenye kihenge kile, shemeji."

Kihenge kilikuwa mbali, na baada yake kilionekana kingine. Avelina alikuwa na mengi ya kuwaambia, lakini ingembidi apaze sauti. Nyuma yake mumewe alikuwa anakoroma.